Namna ya Kuisoma Treni ya Mizigo Ukiwa Dodoma

Shehena inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Burundi, Rwanda, Uganda na mashariki ya Kongo ina njia chache za kupita, na mojawapo inaupasua mji wa Dodoma. Wengi wetu hukutana nayo kwenye makutano ya reli na barabara: gari limesimama, honi inalia, mabehewa yanapita, kisha kila mtu anaondoka bila kujua kilichopita kilikuwa nini, kimetoka wapi na kinakwenda kwa nani. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kujua. Fedha nyingi hazihitajiki. Chukua daftari, kalamu, saa, kofia na maji, na uwe na subira ya mkulima wa Dodoma anayengoja mvua ya kwanza.

Usingoje mwakani. Dodoma leo ina reli mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, na hali hiyo haitadumu kama ilivyo. Ya kwanza ni Reli ya Kati ya zamani, ile ya upana wa meta moja. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ya pili ni SGR, yenye upana wa milimita 1,435 na inayoendeshwa kwa umeme. Abiria walianza kupanda treni za SGR hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, na katikati ya 2025 treni za mizigo nazo zikaanza kufika Ihumwa. SGR iliyokamilika imeishia Makutupora. Kutoka hapo kwenda Tabora ujenzi unaendelea, na mzigo wa magharibi bado unategemea reli ya zamani. Siku SGR itakapopokewa Tabora, makontena mengi yatahama njia. Daftari linaloanzwa mwaka huu litakuwa na reli zote mbili ndani yake, na hilo ndilo litakalolipa thamani.

Kwanza nikuondolee utata mmoja unaowapotezea watu nauli. Makutupora ziko mbili. Ukimwambia dereva wa bodaboda mjini Dodoma akupeleke Makutupora, atakupeleka kaskazini, barabara ya kwenda Kondoa na Arusha, kwenye kambi ya JKT na visima vinavyoupa mji maji. Huko hakuna reli. Makutupora ya reli iko wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, upande wa magharibi, ukishapita Bahi na Kintinku. Ukitaka kwenda huko panda gari la Manyoni.

Kabla ya kukuonyesha pa kusimama, nikuambie pasiposimamwa. Kila reli ina eneo la hifadhi: mjini ni meta 15 kila upande wa njia, nje ya mji ni meta 30. Kaa nje ya eneo hilo, tena ukiwa upande ambao hutahitaji kuvuka reli ili kuondoka. Kwenye SGR usiukaribie uzio kwa nia ya kuupita. Treni ya abiria ya SGR, pamoja na ile iliyochongoka pua ambayo watu wameibatiza Mchongoko, imejengwa kwenda kilometa 160 kwa saa. Hiyo ni meta 44 kwa kila sekunde, na kwa kuwa ni ya umeme haina muungurumo wa kukuonya mapema. Nyaya zilizo juu yake zina kilovoti 25. Usisimame darajani na kunyoosha fimbo ya kushikia simu, wala mwavuli, wala chuma chochote kuelekea nyaya hizo. Na ule mchezo wa utotoni wa kulaza sikio juu ya reli ili kusikia kama treni inakuja, uache kabisa na uwakataze watoto. Treni yenye mzigo haisimami kwa sababu dereva amekuona. Inahitaji mamia ya meta, na mteremkoni zaidi ya hapo.

Sasa mahali. Anayeanza aanzie Ihumwa, mashariki mwa mji, njia ya kwenda Morogoro kabla ya Mtumba. Pale ndipo mizigo ya SGR inapopokelewa kwa ajili ya Dodoma, na reli ya zamani nayo inapita jirani. Ni mahali pazuri pa kulinganisha. Utaona kichwa cha umeme kisichotoa moshi, kimefunga mkia wa mabehewa mapya bapa yenye makontena, na siku hiyohiyo ukibahatika utaona kichwa cha dizeli cha reli ya zamani kikipita na matenki ya mafuta. Ukiwa nje ya eneo la stesheni, barabarani, unaona vya kutosha kuandika ukurasa mzima.

Stesheni ya zamani katikati ya mji ina faida nyingine. Treni nyingi hupunguza mwendo au kusimama, kwa hiyo namba na maandishi yanasomeka. Jengo hili na hoteli iliyo mbele yake, iliyokuwa hoteli ya reli, yanakukumbusha kwamba mji wa leo ulikua kuzunguka njia hii. Mtu asiyetaka kusongamana na abiria apande Mlima Imagi ulio kusini mwa mji, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kutoka juu hutasoma namba za mabehewa, lakini utaona urefu wa treni nzima kwa pamoja na jinsi inavyoukata mji kutoka mashariki hadi magharibi. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi jiografia ya Dodoma hana ramani bora kuliko hiyo.

Upande wa mashariki zaidi kuna Gulwe, karibu na Mpwapwa, na baada yake Msagali na Igandu. Hapa ndipo treni inapotoka kwenye bonde la mito ya Mkondoa na Kinyasungwe na kupanda uwanda wa juu. Nakuomba upajue hata kama hutakwenda, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mafuriko. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimefuata mito, na mito hiyo imeivunja reli mara nyingi; mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliikata njia vibaya. Ukikaa Dodoma wakati wa mvua, siku zikapita bila treni yoyote ya mizigo kutoka pwani kwenye reli ya zamani, ulizia kwanza habari za Kilosa na Gulwe kabla ya kuilaumu saa yako. Ya pili ni msiba. Tarehe 24 Juni 2002, kwenye mwinuko wa eneo hili, treni ya abiria iliyokuwa ikielekea Dodoma ilirudi nyuma yenyewe, ikaongeza kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Familia nyingi za Dodoma, Singida, Tabora na Kigoma bado zina jina la mtu wa siku ile. Ukiuliza habari za treni vijijini kati ya Msagali na Igandu, uliza kwa adabu, na mtu akinyamaza usimsukume.

Ukiwa huko Msagali, ulizia pia lilipopita tawi la reli ya Kongwa. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza. Mpango ulivunjika, na reli ikang'olewa. Mtu mwenye jicho la tuta la reli anaweza kufuata mstari wa tawi lililokufa kwa jinsi ardhi ilivyonyooshwa.

Magharibi ya Dodoma ndiko ninakopenda uende zaidi. Bahi ni tambarare iliyolala kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, takribani meta 830 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi hewa yake ni kavu na wazi. Unaiona treni ikiwa bado mbali, na unapata muda wa kunawa mikono, kufungua daftari na kuandika saa. Baada ya Kintinku na Makutupora unafika Saranda, chini ya ukuta wa bonde. Juu ya ukingo uleule, upande wa kusini, ndiko liliko boma la zamani la Wajerumani la Kilimatinde. Kutoka Saranda reli inapanda hadi Manyoni, iliyo juu ya meta 1,200. Huu ndio mlima wenyewe. Treni iliyopita Bahi kwa madaha inafika hapa na kuanza kufanya kazi kwa jasho: injini inanguruma kwa sauti nzito, moshi unakolea, mwendo unashuka hadi unaweza kuhesabu mabehewa, ukayarudia, na bado ukabaki na muda wa kusoma namba. Chagua mahali palipoinuka nje ya hifadhi ya reli, kwenye kona ya njia, uone kichwa na mkia kwa wakati mmoja. Nimeangalia treni sehemu nyingi za Reli ya Kati, na kama ningeruhusiwa kumpeleka mgeni mahali pamoja tu, ningempeleka Saranda.

Manyoni yenyewe ina njia panda ya tawi la Singida. Mbele yake ni Itigi, na vichaka vyake vizito ambavyo vinafanya kazi yetu kuwa ngumu: unasikia treni muda mrefu bila kuiona, kisha inakutokea ghafla. Huko kaa stesheni.

Jambo la jua lina hesabu yake. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na reli yetu kwa ujumla inakwenda mashariki na magharibi. Mwezi Juni na Julai jua la mchana liko kaskazini, kwa hiyo simama kaskazini mwa reli ili mwanga uwe mgongoni mwako na ubavu wa treni uwe na nuru. Kuanzia Novemba hadi Februari jua limehamia kusini, nawe hama. Asubuhi treni inayokwenda bara inamulikwa mgongoni na inayokwenda pwani inamulikwa usoni. Jioni ni kinyume chake. Kipindi cha Julai hadi Oktoba upepo wa vumbi ni mwingi, funika kamera yako kwa kitambaa. Na kwa kuwa upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, treni inayotoka pwani utaisikia mapema kuliko inayotoka Tabora.

Utajuaje kama inakuja? Treni ya mizigo haina ratiba inayobandikwa ukutani kama ya abiria. Inaondoka ikiwa tayari, na inaingia kwenye njia ya kupishana ili kuipisha ya abiria. Hapo ndipo siri ilipo: anza na ratiba ya abiria. Reli ya zamani ni ya njia moja, hivyo treni ya abiria inapokaribia, ya mizigo huwa imesimamishwa katika stesheni fulani ikingoja. Ukijua abiria wanapita Bahi saa ngapi, nenda Bahi au Kintinku kabla ya saa hiyo uangalie njia ya pembeni. Treni iliyosimama ni zawadi, kwa kuwa unaisoma behewa kwa behewa.

Alama nyingine ni watu. Mfanyakazi wa pointi akitoka na kuelekea mwisho wa stesheni, kuna kitu njiani. Walinzi wa makutano wakianza kuzuia magari, andika saa. Akina mama wenye ndizi, karanga na mayai hujipanga kwa ajili ya treni ya abiria na hawaihangaikii ya mizigo. Kwa hiyo honi ikisikika na wao hawajainuka, wewe inuka. Alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, hewa ya chini ikiwa baridi na imetulia, sauti husafiri mbali sana kwenye tambarare yetu. Kaa nje na usikilize. Mngurumo mzito usiobadilika ni treni inayopanda na mzigo. Mlio wa vyuma vinavyogongana ovyo kama vyombo vitupu ni mabehewa yasiyo na kitu yanayorudi.

Njia bora kuliko zote ni kumuuliza mkuu wa stesheni. Nenda ukiwa nadhifu, wakati hakuna treni, usimkute na simu ya kazi sikioni. Mpe shikamoo kama ni mkubwa wako, mpe pole ya kazi, jitambulishe, mwambie unakoishi na kwa nini unapenda reli. Usimuulize kontena lina nini wala la nani. Hilo ni jambo la mteja na yeye hawezi kulisema. Muulize tu kama leo kuna treni ya mizigo ya kwenda bara na kama kuna mahali unaruhusiwa kuketi. Ukikubaliwa, kaa hapo ulipoonyeshwa. Kwenye vijiji vya Wagogo, ukianza na "Mbukwenyi" kwa wazee waliokaa chini ya mbuyu, utaambiwa mengi kuhusu saa za treni ambayo hata kitabu cha stesheni hakina.

Tuje kwenye kusoma. Anza na kichwa. Kwenye reli ya zamani namba iliyoandikwa ubavuni ina tarakimu nne, na mbili za mwanzo zinakutajia ukoo wake. Mbili za mwisho ni nafasi yake katika ukoo huo. Mtindo huu tuliurithi kutoka Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977 na kuzaa Shirika la Reli Tanzania (TRC) la kwanza. Vichwa vinavyoanza na 88 asili yake ni viwanda vya Montreal, Kanada. Vya 73 vilitoka India. Vya 90 ni vya miaka ya karibuni. Andika namba nzima, siyo ukoo tu. Baada ya miezi michache utaanza kutambua kwamba kichwa fulani hukipati tena, au kinarudi na rangi mpya, na hapo daftari lako linakuwa limejua jambo ambalo wapita njia hawalijui. Angalia pia kama treni ina kichwa kimoja au viwili, na kama cha pili kinafanya kazi au kinavutwa tu: kinachofanya kazi kinatoa moshi na joto linalotikisa hewa juu yake. Vichwa vya umeme vya SGR vimetengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini.

Kisha mabehewa. Usijaribu kuandika kila kitu kwa mara ya kwanza. Hesabu tu, kwa makundi: matenki mangapi, ya makontena mangapi, yaliyofunikwa mangapi, ya wazi mangapi, ya kokoto mangapi. Matenki yanabeba mafuta ya magari na mitambo ya mikoa ya bara na nchi jirani. Ukiona bamba la rangi ya machungwa lenye namba mbili, moja juu ya nyingine, soma ya chini: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1863 ni mafuta ya ndege. Ni namba za Umoja wa Mataifa, zinasomwa vilevile Dodoma na Ujerumani. Behewa lililofunikwa lenye mlango wa kusukuma pembeni mara nyingi lina vitu vya magunia: saruji, mbolea, nafaka. Ukiona unga wa kijivu kwenye kizingiti cha mlango umekwisha kujibiwa. Mabehewa ya kokoto ni ya reli yenyewe, yanakwenda kuimarisha tuta mahali fulani. Yakianza kupita kwa wingi upande mmoja, jua kuna ukarabati mkubwa huko.

Makontena yanahitaji aya yake, kwa kuwa yanasema zaidi ya mabehewa yote. Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena na ya nne karibu kila mara ni U. MSKU na MRKU ni za Maersk, MSCU na MEDU ni za MSC, CMAU ni ya CMA CGM. Tarakimu sita ni namba ya kontena, na ya saba, ambayo huzungushiwa kisanduku, ni ya kuhakiki kwamba sita zile hazikukosewa. Chini yake kuna alama nyingine fupi: 22G1 ni kontena la kawaida la futi 20, 45G1 ni la futi 40 lililo refu kwenda juu, na penye herufi R ni la ubaridi. Andika hata matatu tu kwa kila treni. Angalia na komeo la mlango: lenye lakiri limejaa au limefungwa kwa safari, lisilo na lakiri mara nyingi ni tupu linalorudi pwani. Utaona mapema kwamba mizani ya nchi yetu imo humo. Yanakwenda bara yamefungwa, yanarudi mengi yakiwa matupu.

Kujua kama behewa lina mzigo hata bila kuona ndani, tazama springi juu ya magurudumu. Zilizobanwa zimebeba; zilizoachiana hazina kitu. Magurudumu ya behewa lenye mzigo hulia sauti ya chini na ya pamoja.

Unakokwenda mzigo huwezi kukujua kwa macho ukiwa Dodoma, maana njia zinaachana Tabora, moja kwenda Kigoma na nyingine kwenda Isaka na Mwanza. Lakini jiografia inakusaidia kukisia. Isaka, mkoani Shinyanga, ni bandari kavu inayohudumia Rwanda na Burundi kwa malori. Kigoma inapeleka mzigo ziwani, Burundi na Kongo. Mwanza ina gati ambako mabehewa yenyewe huweza kuingizwa ndani ya meli ya MV Umoja na kuvushwa Ziwa Victoria hadi Port Bell, Uganda. Behewa unaloliona likipita Bahi likiwa na vumbi la Dodoma linaweza kupanda meli bila mzigo wake kuguswa.

Mwendo wa treni unaweza kuupima ukiwa umekaa. Behewa la kubeba kontena la futi 40 lina urefu wa takribani meta 14. Mabehewa 20 ni meta 280. Ongeza kichwa, unapata kama meta 300. Anza kuhesabu sekunde kichwa kinapopita mti uliouchagua, maliza mkia unapopita mti huohuo. Kama ni sekunde 30, treni inakwenda meta 10 kwa sekunde, ambazo ni kilometa 36 kwa saa. Fanya hivyo Bahi, kisha ufanye Saranda, halafu ufanye kwenye SGR, ambayo treni yake ya mizigo imesanifiwa kufika kilometa 120 kwa saa. Tofauti ya namba hizo tatu itakueleza vizuri kuliko hotuba yoyote kwa nini nchi iliamua kujenga reli ya pili. TRC husema treni moja ya SGR inaweza kubeba hadi tani 10,000. Wewe hesabu mabehewa unayoyaona Ihumwa, ulinganishe mwezi kwa mwezi jinsi yanavyoukaribia uwezo huo.

Daftari liwe na mistari hii kwa kila treni: tarehe, mahali, saa, inakwenda bara au pwani, namba ya kichwa, hesabu ya mabehewa kwa aina, sekunde za kupita, hali ya hewa, na nafasi ya neno lolote la ziada. Saa iandike kwa tarakimu za simu, 06:40 siyo saa kumi na mbili na dakika arobaini, ili usije ukachanganya asubuhi na jioni baada ya mwaka. Usiandike unachokisia kana kwamba umekiona. Weka alama ya kuuliza pembeni. Siku ambayo hakikupita kitu nayo iandikwe, kwa sababu siku tupu zikikusanywa pamoja ndizo zinazoonyesha mafuriko, uharibifu na ukarabati.

Kuhusu picha, ni busara kuomba ruhusa. Stesheni, madaraja na mitambo ya umeme vinalindwa, kuna polisi wa reli, na mlinzi anayekuzuia anafanya kazi yake. Ukiambiwa usipige, funga kamera na uendelee kuandika. Hakuna anayekukataza kuhesabu ukiwa barabarani. Usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi zilizo kando ya njia, wala usirushe droni bila kibali. Watu wanaosafiri juu ya mzigo au wanaovuka reli na mifugo usiwapige picha bila wao kujua.

Nikuachie kazi moja ya haraka kuliko nyingine zote. Tafuta wastaafu wa reli. Wako Dodoma, Morogoro, Tabora na Manyoni, na wengine walianza kazi wakati vichwa vya mvuke vingali vinavuta mizigo kwenye njia hii kavu, vikiwa na matenki makubwa ya maji kwa sababu vituo vya maji viliachana mbali. Vichwa vingi vya wakati ule vilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, na kimoja, namba 3020, kiitwacho Nyaturu, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Mnyaturu wa Singida akitaka kukiona ni lazima avuke mpaka. Nenda kwa mzee na daftari lako, umsomee namba ulizoandika. Muulize alilala wapi akiwa gadi wa treni, mzigo gani ulikuwa mzito kupandisha Saranda, ng'ombe walisafirishwaje, na stesheni ipi ilikuwa na chakula kizuri. Omba ruhusa ya kumrekodi, andika tarehe, na umpelekee nakala.